Mwalimu Yotamu Nyirongo, Ufa Wako Umepanuka

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu asubuhi ile ya tarehe 8 Novemba ulipofunga kamba za viatu vyako vya kukimbilia, ukaketi barazani upumzike kidogo kabla ya kuanza, na hukuanza. Ulikuwa na miaka themanini na saba. Saa yako ya kuhesabia sekunde ilikuwa mkononi. Baba alipoichukua, ilikuwa bado inahesabu.

Familia imeniagiza mimi, mjukuu wako Dorkas, nikuandikie, kwa sababu nimesoma bweni na eti Kiswahili changu kimenyooka. Baba amesisitiza niandike kwa heshima. Shikamoo, Babu.

Ulizaliwa Karonga, kando ya Ziwa Nyasa upande wa Malawi. Siasa za kwenu zilipochafuka ulivuka mpaka, kijana wa miaka ishirini na minane, na sanduku la vitabu na jozi moja ya viatu. Ukapangiwa kufundisha hisabati Same, kule chini kwenye joto na vumbi. Ulituambia kwamba ulipoiona milima nyuma ya mji ulijiuliza swali moja tu: inapandwa kwa dakika ngapi? Ukaipanda. Huku juu ukamkuta Bibi Eliakunda akipalilia tangawizi, ukamwomba maji, na kwa maelezo yake mwenyewe hujarudisha kikombe mpaka leo.

Ulijifunza Chasu mpaka ukawa unawasahihisha Wapare. Ulichukua shahada ukiwa na miaka sitini na minane, ukafanya mtihani chumba kimoja na watu uliowafundisha kugawanya. Nyumbani kwako hakuna aliyekunywa chai kabla ya kukimbia hadi ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na kurudi. Hata waliokuja kuposa walikimbizwa. Mume wa Shangazi Beatha alitapika njiani, nawe ukamkubali kwa sababu hakusimama ili atapike.

Pamoja na hayo yote, kitongoji kilikuita Mgeni kwa miaka hamsini na tisa. Hukuchukia. Lakini ndiva ni ya koo zilizoichimba. Mgeni huzibua mfereji na kula makande ya kazi kama wenzake, ila hana neno juu ya maji. Bwawa lilipoongezwa ukuta wa saruji likaanza kubeba maji maradufu, na wewe ukaona ufa mwembamba kwenye mteremko chini ya ukuta. Ulisema mara moja. Mzee Elifasi, mwenyekiti wa ndiva, akakujibu kwa upole kwamba ndiva hii ilikuwapo kabla ya hisabati.

Basi ukapigilia nondo mbili, moja kila upande wa ufa, na kila Jumamosi ukapima umbali kati yake na kuuandika daftarini. Ulianza na sentimita arobaini. Jumamosi yako ya mwisho, baada ya miaka sita, ilikuwa arobaini na tatu.

Hapa kuna jambo la kukiri. Likizo ya Desemba mwaka juzi niliiba baragumu la msaragambo, lile la kuwaita watu kwenye kazi ya pamoja, nikalipuliza asubuhi. Watu walipanda mbio na majembe na sululu, wakanikuta nimeketi juu ya ukuta nikiwapungia mkono. Hukunichapa. Ulinikimbiza nyumba zote kumi na tisa zilizo chini ya ndiva, niombe radhi mlango kwa mlango, na wewe njiani ukiwa na saa yako.

Tangu nimalize kidato cha sita ninapima mimi. Mwezi wa Mei ilikuwa arobaini na saba. Agosti, arobaini na nane. Kisha vuli ikaanza. Jumamosi ya kwanza ya mvua, hamsini na mbili. Jumamosi iliyopita, sitini na moja. Chemchemi iliyo nyuma ya jiko la jirani yetu Zaituni inatoa matope mekundu. Mlango wa zizi la Mzee Elifasi haufungi tena, miimo yake imepinda. Migomba iliyo juu ya kaburi lako imelalia upande mmoja, yote, kama watu wanaosikiliza kitu.

Nilirudi kwenye zile nyumba kumi na tisa na daftari lako, nikawaambia mteremko utaporomoka, wahame, na ndiva ifunguliwe maji yapungue. Kila mahali walicheka, na siwezi kuwalaumu. Mzee Elifasi alinimiminia chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Leo umekuja bila baragumu?"

"Njoo upime mwenyewe, babu."

"Nikipanda huko, mjukuu wangu, nitakukuta umeketi ukutani unanipungia mkono."

Akaongeza kwamba akifungua ndiva na mvua zikakatika, maharage yatakauka, naye hawezi kuwaeleza watu kuwa wamelala njaa kwa utani wa mjukuu wa Mgeni.

Hata Bibi alikataa kuhama, kwa kuwa wewe uko hapo kwenye migomba. Alhamisi ya wiki iliyopita nilimshika mkono, tukapanda polepole hadi kwenye nondo. Hakuuliza vipimo. Aliingiza fimbo yake ndani ya ufa, ikazama mpaka mkono wake ukagusa majani, na haikugonga kitu. Tuliposhuka tulipitia kwa Mzee Elifasi, na Bibi akamwambia kwa Chasu maneno ambayo nayaandika hapa kwa Kiswahili:

"Elifasi, mume wangu yuko chini ya udongo tayari, haumtishi. Ninyi bado."

Mzee Elifasi hakucheka. Lakini hajafungua ndiva.

Kwa hiyo Bibi ameamua kwamba ibada ya kukukumbuka haitafanyika nyumbani. Itakuwa ng'ambo ya bonde, kwenye shule ya msingi, iliyojengwa juu ya mwamba. Redio imetangaza mvua kubwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Basi ibada itaanza Ijumaa asubuhi na kwisha Jumanne. Mchungaji anasema hajawahi kuona ibada ya siku tano. Makande yatakuwapo siku zote tano. Mtu wa Upare anaweza kukataa vipimo vya Mgeni, lakini kukataa mwaliko wa mjane ni jambo jingine. Majirani wa nyumba zote kumi na tisa wanaombwa waje na watoto, wagonjwa, mablanketi na mbuzi wao. Anayetaka kuja ili Jumanne amcheke Dorkas, atapewa kiti cha mbele.

Wewe tunakuacha hapo, Babu, na hilo linatuuma. Tukirudi tukalikuta kaburi, tutalipalilia. Tusipolikuta, watu wa nyumba kumi na tisa watakuwa hai kutusaidia kukutafuta.

Unakumbukwa na mkeo Eliakunda. Wanao Zebedayo, Beatha na Wilbard. Wakwe zako, wote waliowahi kukimbia. Wajukuu zako kumi na mmoja. Ndugu zako wa Karonga. Na Mzee Elifasi, ambaye hajasema kama atakuja, ila jana jioni alionekana akiswaga ng'ombe wake kuelekea ng'ambo.

Siku zote tutakukumbuka.