Tipoyi Nyuma ya Jiko

Kasongo, tarehe 8 Oktoba 2023

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Habari ya mgongo wako? Habari ya mjukuu wangu Laetitia na kile kikohozi? Mimi niko mzima, ila miguu inavimba kwa kusimama hospitalini toka asubuhi. Barua hii umeletewa na Roger wa pikipiki. Mpe jibu akirudi huku, maana najua réseau ya simu kwetu iko juu ya kilima, na wewe kilima ulishakiaga.

Nimeingia mwaka wa nne wa uuguzi, Mama, mwaka wa mwisho. Wenzangu darasani wananiita Koko, nyanya, kwa kuwa nina miaka arobaini na miwili na wao ni watoto wa juzi. Nikipata jibu wanasema Koko aliliona kwa macho wakati wa Wabelgiji. Nacheka nao. Hawajui kwamba nyanya ni nyanya kweli.

Sasa sikia shida yangu. Mwaka huu lazima kila mtu afanye staji, mazoezi ya kazi, kwenye maternite, wodi ya wazazi. Asiyefanya haendi mbele ya juri ya mtihani, na asiyekwenda mbele ya juri hana diploma. Miaka yote hii nilikuwa naikwepa. Nilibadilishana zamu na watoto hawa, nikaosha vidonda vyao vyote vinavyonuka ili wao waende kwa wazazi badala yangu. Juma lililopita ujanja uliisha, nikaingia. Mwanamke mmoja alikuwa kitandani anaugua polepole. Hapo nikasikia tipoyi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa. Mianzi yake inalia juu ya mabega ya wanaume, krii, kraa, vilevile kama siku ile tulipombeba mwanangu Cadette kwenda kituo cha afya Wamaza. Ilikuja mpaka mlangoni, ikasimama. Nilikimbia. Madame Darlène, mkunga anayetufundisha, alinikuta nje nimekumbatia ukuta.

Wewe unajua kwa nini niliacha shamba na kwenda kukaa na watoto kwenye benchi. Mwanangu alimwaga damu mbele yangu, na mimi sikuwa na cha kumpa ila kumshika mkono. Nilisema nitajifunza, ili isimpate mtoto wa mtu mwingine. Sasa nimejifunza, na mlango wa kazi yenyewe umenishinda.

Niambie ukweli: ile tipoyi mliitupa? Siku nilipoondoka ilikuwa bado nyuma ya jiko.

Binti yako,
Dorothée

*

Kwetu, nyuma ya Wamaza, tarehe 2 Novemba 2023

Mwanangu Doro,

Jambo sana. Mgongo uko palepale, haujahama. Kikohozi cha Laetitia kimeisha, sasa amebaki na mdomo tu. Usicheke mwandiko wangu. Masista walinifundisha kuandika, lakini hawakunifundisha kuona bila miwani.

Leo ni siku ya wafu. Tumefyeka kaburi la Cadette na la mume wako Lwamba. Mume wako ametulia.

Tipoyi hatujaitupa. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma. Wazee walikaa, wakaondoka bila kukata shauri. Unajua desturi: tipoyi iliyoleta maiti hairudi kijijini, inaachwa kwenye maji. Lakini unajua na ile nyingine: kitu mtoto alichozaliwa juu yake hakitupwi mpaka mtoto mwenyewe akiache. Laetitia alizaliwa juu ya mianzi ile kwenye daraja la miti, na mama yake akafia juu ya mianzi ileile, kabla wanaume hawajabadilishana mabega. Haya, nani atakata? Ndugu yako Clovis anasema ichomwe. Mimi ninasema asiguse.

Na mtoto bado hajaiacha. Kila mchana anakwenda kujilaza pale. Ukimfuata anaweka kidole mdomoni na kusema: «Koko, usipige kelele. Mama iko analala.» Hakuna aliyemwonyesha picha ya mama yake, Doro. Hakuna aliyemwambia alifia wapi. Mara ya kwanza nilikimbia. Sasa natembea polepole tu nikipita pale.

Habari nyingine, na hii ni njema: wifi yako Chadia ana mimba. Clovis anatembea kifua mbele utafikiri ndiye atakayezaa.

Rudi mle chumbani. Mwenye kovu usidhani amepoa, lakini mwenye kovu ndiye anayejua moto uko wapi.

Mama yako,
Marie-Thérèse

*

Kasongo, tarehe 14 Januari 2024

Mama,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini mlikula vizuri na mnaendelea vizuri. Mimi nilikula fufu na samaki wa Nyangwe kwa majirani, nikalala.

Mama, ichomeni hiyo tipoyi. Nakuomba kwa magoti. Nilirudi mle chumbani kama ulivyosema, mara ya pili na ya tatu. Kila mwanamke anapoanza kusukuma, inakuja. Naisikia ikipanda barabara, ikipita geti, ikisimama mlangoni, na najua nani yuko juu yake. Juzi nilishika mkasi sikujua ni wa nini. Madame Darlène si mtu mbaya, alinivuta pembeni akasema: «Mama Dorothée, miye nakuheshimu, lakini mwanamuke mwenye kuzala hangojei mutu amalize kulia.» Amenipa mpaka Pasaka. Baada ya hapo ataandika kwamba sifai, na miaka yote hii itakuwa maji yaliyomwagika.

Na wewe unaikalia kama kuku. Unampenda Cadette kuliko mimi niliyemzaa? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mfu apewe njia aende.

Kuhusu Chadia: asisubiri uchungu kama desturi ya huko. Mimba ikikaribia mwisho, mpelekeni kituo cha afya Wamaza apimwe. Nakazia neno hili.

Dorothée

*

Kwetu, tarehe 3 Februari 2024

Doro,

Niko mzima. Mtoto mzima.

Uliandika kwamba naikalia kama kuku. Sawa. Wewe ulikuwa na shule ya kukimbilia. Mimi nilibaki na kichanga kinacholia maziwa na tipoyi yenye damu, nikaviosha vyote viwili kwa maji ya siku moja. Usinifundishe uchungu.

Chadia amevimba miguu na uso. Nimemwambia abebwe kwenda Wamaza, maana pikipiki ya Roger inaishia kule, njia ya huku ni ya miguu tu. Akatazama nyuma ya jiko, akasema: «Mama mukwe, miye siwezi panda pale. Heri nikufie mu nyumba yangu.» Clovis alitaka kutengeneza tipoyi mpya. Wanaume wakakataa kukata mianzi. Wanasema ya zamani haijamaliza safari yake, na ukitengeneza ya pili ni kuita maiti wa pili.

Mama yako

*

Kasongo, tarehe 10 Machi 2024

Mama yangu,

Naandika mara ya tatu bila jibu. Roger anaapa barua alikuwekea mkononi, nawe ulizitia kiunoni. Nisamehe kwa maneno ya Januari. Mkwaruzo wa mtu na mama yake hauchukui muda mrefu hivi. Kama kuna kifo, nitumie hata karatasi tupu, nitaelewa.

Ile miguu ya Chadia hainipi usingizi. Uso ukivimba ni presha ya damu inayopanda. Anaweza kuzimika, anaweza kufa na mtoto wake. Hayo ninayajua sasa, yako kichwani mwangu kwa mpangilio mzuri, na mimi niko huku.

Nimefikiri kuacha. Pasaka imebaki kidogo tu. Nitapanda nyuma ya Roger nije nimbebe Chadia mwenyewe mgongoni. Nikikosa diploma, basi.

Ninakuogopea.

Binti yako,
Dorothée

*

Kwetu, tarehe 19 Machi 2024

Mwanangu Doro,

Usije. Ukipata barua hii utakuwa unamtazama aliyeileta, maana anayeileta ni Chadia.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira, halafu kwa sababu nilikuwa na haya. Barua yako ya mwisho ilinitoa kitandani. Asubuhi hii nimechukua kitambaa changu cha kanisa, nikaenda nyuma ya jiko, nikamkuta Laetitia amelala palepale. Nikajilaza kando yake. Halafu nikapiga kelele kumwita Clovis na wenzake: «Mutubebe!» Clovis akasema: «Mama, uko muzima, tutakubeba namna gani? Watu watacheka.» Nikamwambia wacheke, kucheka si dhambi. Wakanyanyua. Doro, mianzi ilinilia sikioni, krii, kraa, kama ulivyoandika. Nilifumba macho. Mtoto hakuogopa, alikuwa anaimba.

Kijiji kizima kilitufuata, na Chadia nyuma anavuta miguu. Daraja si mbali. Tulipofika nikasema wasimame pale ambapo mtu wetu alituponyoka. Hakuna aliyependa. Kijana mmoja alitaka kuacha mwanzi. Nikakaa kitako, nikasema kwa sauti ili wote wasikie, wa juu na wa chini: «Cadette, hapa ndipo ulishuka. Miye nimelala pa nafasi yako na siyakufa. Mutoto wako iko huyu. Sasa simama, twende mpaka Wamaza.»

Kisha nikashuka na mtoto, nikamtazama Chadia. Alipanda.

Wameondoka sasa hivi. Naandika nikiwa nimekaa kwenye gogo la daraja, na Clovis ameacha mtu mmoja aikimbize barua hii iwafikie njiani. Kama mganga wa kituo cha afya Wamaza atakubaliana na maneno yako, Roger atamleta kwako. Mimi narudi nyumbani kwa miguu, na mgongo unajua.

Mpokee. Sikuombi kingine.

Mama yako,
Marie-Thérèse

*

Kasongo, tarehe 23 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Natumaini mgongo umekusamehe. Wifi yangu Chadia ni mzima. Ana mtoto wa kiume, mwenye kichwa kikubwa cha Clovis, pole yake.

Alifika akiwa kijivu kwa vumbi, na presha imepanda kama nilivyoogopa. Daktari alimpa dawa, wakaamua azae siku ileile. Madame Darlène alinitazama, akaniuliza kama aite mwanafunzi mwingine. Nikasema hapana, huyu ni wa kwetu.

Mchana ule tipoyi ilikuja. Nilikuwa naisubiri. Ilipanda barabara, ikapita geti, ikafika mlangoni, na safari hii haikusimama, Mama. Iliingia. Nilisikia mianzi kando ya kitanda, upande wa kushoto, karibu kabisa na mkono wangu. Mtoto akatoka, akalia. Kisha damu, kama ile ya darajani, inakuja bila haraka. Chadia akanishika mkono. Ule mkono! Nikautoa. Nikamwambia: «Nisamehe, mukono nauhitaji.» Nikamchoma sindano ya kubana kizazi, nikamkanda tumbo kwa nguvu mpaka akanitukana, nikamweka mtoto kwenye ziwa, nikaendelea kukanda. Madame Darlène alikuwa nyuma yangu, hakugusa kitu. Tumbo likawa gumu chini ya kiganja. Damu ikapungua, ikasimama.

Na mianzi ikanyamaza. Sijui ilinyamaza saa gani. Madame ameandika kwamba ninafaa, nitakwenda mbele ya juri pamoja na watoto wangu wa darasani. Jana na leo nimeingia mle chumbani kwa wanawake wengine, na hakuna kitu, ni vilio vya kuzaa tu. Ilinipasa kufurahi, sivyo? Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia, nikalia kuliko siku ya mazishi. Kumbe mwanangu alikuwa anakuja kunitembelea, na mimi nilikuwa nakimbia.

Niambie, tipoyi iko wapi?

Binti yako,
Dorothée

*

Kwetu, tarehe 30 Machi 2024

Mwanangu Doro,

Amani kwako katika hizi siku za Pasaka. Barua yako tumeisoma kwa sauti uani, na Clovis alicheza mpaka akaangusha sufuria ya pondu. Kilio chako sikukisoma kwa watu, hicho nimekiweka.

Tipoyi imebaki Wamaza, imeegemea ukuta wa kituo cha afya. Hakuna aliyepanga. Clovis anasema walikuwa wameshavuka daraja kurudi ndipo wakaona mabega ni matupu, na hakuna aliyetaka kurudi kuichukua. Sasa wanakata mianzi mipya, wanaume walewale, bila maneno. Anasema na jambo lingine: mimi na mtoto tulipokuwa juu hawakuhisi mzigo, lakini kuanzia darajani mpaka Wamaza uzito ulikuwa wa watu wawili wazima. Nikamwambia ni kwa sababu Chadia amevimba. Akajisugua bega.

Walipofika hapa jioni ile, Laetitia alikuwa amesimama nyuma ya jiko, pale kwenye nyasi zilizolala. Aliwaangalia mikono mmoja mmoja. Halafu akaja akanishika kitambaa, akauliza:

«Koko, mama amefika?»

Nikamjibu: «Amefika, mama.»

Mama yako,
Marie-Thérèse