Neno Moja katika Wimbo wa Mzee Kondo

Jumatatu, 3 Rajabu

Nimesomesha Juzuu Amma hadi adhuhuri. Watoto hawakutulia. Katika hoteli ya jirani gramafoni inalia tangu asubuhi: santuri mpya ya wimbo wa Mzee Kondo. Ya tatu hii. Kondo aliutunga akimlilia mwanawe Mwinshehe, akasema "kaniponyoka". Bibi mmoja wa Dar es Salaam aliuimba kwa udi, akaliacha neno lilivyo. Bendi ya dansi ikaligeuza "nimenyang'anywa". Hawa wa mwaka huu wanaimba "kauliwa na mwenziwe". Chole nzima inamtazama Saidi, aliyekuwa rafiki wa marehemu.

Nimechukia.

Jumatano, 5 Rajabu

Saidi amepigwa mbele ya hoteli. Ramadhani, mdogo wake marehemu, aliiweka santuri ile, vijana wakamzunguka.

"Toka ucheze, Saidi! Wimbo wako huu!"

Wamemvunja meno kwa mpini wa jembe. Nilipomwinua, damu ikatapakaa kanzuni mwangu.

Saidi hakuua mtu. Mwinshehe alianguka kutoka mnazi wa wakfu wa msikiti, akiiba nazi. Mimi na Kondo ndio tuliomkuta, tukambeba hadi nyumbani. Nilimwosha peke yangu. Kifua na mapaja yamechubuliwa na gome, shingo imevunjika. Muoshaji husitiri aliyoyaona. Nimesitiri miaka yote hii.

Ijumaa, 7 Rajabu

Baada ya swala nimemwendea Kondo. Nimemsihi aseme yeye, baba mtu. Amekataa.

"Maalim, ulimwosha ili umfunike. Leo umwite mwizi wa msikiti?"

"Na Saidi je?"

"Saidi ana miguu. Ahamie Gwata."

Nilipotoka, Ramadhani alikuwa barazani ananoa panga, wala hakulificha. Naogopa.

Jumamosi, 8 Rajabu

Vijana wamemvamia Saidi kwake asubuhi. Nimefika mbio, pumzi imeniishia. Nyumba inawaka. Mkewe anapiga mayowe. Saidi yuko chini, vidole vya mkono wa kushoto vimekwisha katwa, na Ramadhani ameinua panga mara ya pili.

Nimejilaza juu ya Saidi. Nimesema yote kwa sauti: mnazi, nazi, gome, shingo.

Ramadhani akanitukana matusi ya nguoni. Kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu. Kondo akainamisha kichwa. Panga likaanguka.

Saidi yu hai. Amepelekwa hospitali ya Kisarawe. Ramadhani amechukuliwa na askari kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Nimemvua maiti sanda mbele ya watu. Mola wangu ndiye ajuaye hukumu yangu.

Ijumaa, 14 Rajabu

Mvua nyepesi. Kondo amekuja msikitini, akaswali safu ya nyuma. Akangoja wote watoke.

"Maalim, nikifa, anioshe mtu mwingine."

Nikasema nimesikia. Akavaa makubadhi yake, akaenda.