Vumbi Juu ya Sabuni

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na macho? Mimi mzima, kubeba bado naweza. Nyumba kimya tangu marehemu mke wangu aende, nimezoea. Nakuandikia sababu nimeona jambo hapa ghalani, nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Ulivuma uvumi kwamba kiwanda cha sabuni kinafungwa. Maduka yote yakaagiza mara tatu. Malori foleni hadi barabarani. Bosi wetu, tunamwita Kifua Mbele, akafurahi. Akamwambia mwanao, ndiye mtunza ghala sasa, aagize sabuni ijae hadi darini.

Mwanao akakataa. Akasema, "Watu hawajaanza kuoga mara tatu, bosi. Ni maduka yanaogopa."

Bosi akamjibu kwamba sabuni ikipungua tu, na yeye kazi hana. Wabebaji wenzangu wakacheka, eti ghala limemshinda huyo, arudi kwao akalale. Mimi nikainamia katoni.

Unajua alichofanya? Kila tukipeleka mzigo dukani, tukirudi anatuuliza jambo moja: katoni za zamani kule nyuma zina vumbi? Maisha yangu yote nabeba, vumbi sijawahi kulitazama. Nikatazama. Chini ya meza, juu ya kabati, hadi uvunguni kwa mwenye duka: sabuni, na vumbi juu yake. Kumbe haiuzwi. Imehama tu. Basi mwanao akawapa wenye maduka wote kiasi chao cha siku zote. Wakamtukana. Yeye tuli kama maji ya mtungini.

Halafu kiwanda hakikufungwa. Simu zikanyamaza. Malori hayaji. Ghala la jirani mlango haufungiki, katoni ziko nje zinanyeshewa, povu linatiririka barabarani. Kwetu unapita katikati bila kugusa kitu. Dada, nilisimama mdomo wazi. Mtoto niliyembeba mgongoni, anaona yajayo kwenye vumbi!

Sasa nikwambie nilichokuficha. Hapa hakuna aliyejua kuwa huyo mwanao nimemzaa mimi. Nilimkataza mimi, wasije wakamdharau kwa kuwa baba yake ni kuli. Akawa ananiita mzee, kama wote. Siku ile ya povu, bosi alimvulia kofia mbele ya watu. Mwanao akampita, akaja kunipokea katoni begani.

Akasema, "Baba, tua mzigo. Twende nyumbani."

Mimi nililia, dada. Mtu mzima.

Nisalimie shemeji na wajukuu, hata yule mtundu. Jitunze huo mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
baba yake mtunza ghala.