Kijinga Nilichomrushia Bundi

Kibomet, Kitale

Mulembe Mama,

Baba ameamkaje leo? Amekula? Ile dawa ya presha anaimeza, ama bado anaificha chini ya godoro? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, lakini upweke wa huku ulikuwa karibu kunimaliza.

Kazi yangu si unaijua: kuzunguka kwa wakulima nikiwaomba wasiue bundi, maana ndiye anayewapunguzia panya kwenye mahindi. Wananisikiliza vizuri, wananipigia makofi, halafu mzee mmoja anasimama. "Mwalimu, umesema vizuri. Lakini bundi ni bundi." Basi, kikao kimeisha.

Hapa kwenye ploti ninapopanga ndiyo balaa. Bundi walitaga juu ya stoo ya mahindi ya mwenye nyumba, nikakataa wafukuzwe. Tangu hapo nikifika mferejini, watu walikuwa wanabeba ndoo zao wanaenda. Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, aliniuliza wazi, "Nekesa, hao ndege unawatetea wa nini? Unataka kuzika nani?" Miezi mitatu, Mama, hakukuwa na aliyenigongea mlango hata kuomba chumvi.

Sasa nikuambie jambo ambalo kazini hawalijui. Ile jioni uliponipigia ati Baba ameanguka shambani, mmemkimbiza hospitali Bungoma na haongei, nilikuwa nje napika kwa kuni. Hata simu sijaiweka chini, bundi akalia juu ya stoo. Akalia tena. Wacha masomo yote yaniruke! Nilichomoa kijinga cha moto nikamrushia, vile nyanya alivyokuwa akifanya hapo nyumbani, na matusi juu. Kilimpata. Alianguka akipigapiga bawa moja, Mama Brayo akammalizia kwa jembe. Mwenzake aliruka, hajaonekana tena. Makinda walilia huko juu siku mbili. Ya tatu wakanyamaza.

Mganga hajigangi, Mama. Kesho yake ukaniambia Baba amefungua macho, nikalia kwa furaha na kwa aibu. Ploti nzima inasema ni kile kijinga kilichomwokoa, na mimi nimeshindwa kuwaambia si kweli. Mama Brayo alikuja na chai ya maziwa na nduma. "Sasa umekuwa mtu wetu, bana." Nilikunywa nikamaliza, nikaomba kikombe kingine. Ilikuwa tamu, sitakudanganya.

Jumatatu nina kikao kingine na wakulima. Sijui nitawatazama na macho gani.

Nisalimie nyanya, umwambie miguu aipake mafuta. Msalimie ndugu yangu Wafula, apunguze mbio na hiyo bodaboda yake, sitaki simu nyingine ya hospitali. Na shangazi anayeuza ndizi hapo Bumula, mwambie sijamsahau.

Baba akiuliza kazi yangu inaendeleaje, mwambie tu siku hizi majirani wananisalimia.

Ni mimi binti yako,
Nekesa