Kelele ya Papa Kambale

Ijumaa, Masisi. Mvua toka asubuhi, matope kila mahali, na mimi niko na hasira.

Niseme mapema: programu ambayo kazi yake ni kupiga kelele tu ni programu ya wajinga. Unagusa herufi kwenye ordinatere, ile kompyuta, inalia ta. Unagusa ingine, inalia ta. Haisahihishi kosa, haiokoi kazi yako umeme ukikatika, haifanyi kitu. Inalia tu. Kuna muntu alikaa chini, akatumia akili ambayo Mungu alimupa, akatengeneza ile. Na muntu mwingine, patroni wangu Papa Kambale, akaibeba toka Butembo ndani ya mufuko wa shati, pamoja na rozari yake, kama vile analeta dawa ya kuponyesha dunia.

Kwa ule ambaye hanijui: mimi ni Furaha, ninatumika sekretaria, kazi ya kuandikia watu. Watu wanakuja na maneno yao, mimi ninayaandika yanakuwa barua, maombi, ao mashitaka. Chumba yangu iko nyuma ya duka ya Papa Kambale, na katikati yetu kuna ukuta wa mbao tu. Yeye anauzaka misumari, mabati na sabuni, tena ana lori ya kushusha fromaje, ile jibini yetu, na maharagi mpaka Goma. Zamani tulikuwaka na mashini ya chuma ya kuandikia, ile ambayo barabara yote ilikuwa inaisikia ikigonga. Wenye bunduki waliibeba siku ya kupora. Sijui wanamuandikiaka nani.

Ordinatere ilipokuja, watu wakaanza kunungunika. Huyu dada anatuangalia tu, anapapasa-papasa vidole, atakula pesa yetu bure. Papa Kambale akakosa usingizi. Kuwaeleza watu, hapana, hiyo hakuiwaza. Akaenda kutafuta kelele.

Wazee walisema debe tupu haliachi kuvuma. Huyu alileta mvumo peke yake, hata debe hakuna.

Programu yenyewe iko na sauti nyingi za kuchagua. Kuna moja kama kuku anadonoa mahindi. Yeye akachagua ya mashini ya zamani, akaongeza bafle ya kukuza sauti ili hata watu wa moto, wale wenye pikipiki wanaongojea abiria mbele ya duka, wasikie. Siku ya kwanza nilimuambia: Papa, hii kitu inalia ta nikiandika, na inalia ta ile ile nikifuta. Akacheka. Akasema muzuri, watu watasikia kazi mara mbili.

Toka siku hiyo ananichunga kwa masikio. Nikinyamaza kidogo, anagonga mbao.

Leo akaingia Mama Sifa.

Alitoka Bihambwe kwa moto, kitenge chake kinatiririka maji. Babu yake alilima ule mulima, baba yake akaulima, na yeye pia. Vita ikawasukuma mpaka Kibua, kule Walikale, wakalima mashamba ya wengine, na kule njo alizika bwana yake. Aliporudi, alikuta shamba yake imezungushiwa miti na ng'ombe ziko ndani. Mwenye ng'ombe ni muntu mukubwa, ana marafiki wenye bunduki. Jina yake tunaijua wote. Hapa sitaiweka, ju ni ya Mama Sifa kuitaja, haiko yangu. Alitaka kumushitaki kwenye tribinali. Hakutaka kusema "watu", hakutaka kusema "wengine". Alitaka kusema yeye, kwa jina yake na ya baba yake.

Mama Sifa hajui kusoma. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza kusema. Nikaona kitu. Anasema maneno kidogo, ananyamaza, anasikiliza ta-ta-ta mpaka inaisha, halafu anaendelea. Kama mama anayelisha mutoto uji: kijiko kimoja, anangoja ameze, kijiko kingine. Ile kelele ya kijinga, yeye alikuwa anaiamini. Nikasikia haya kwa niaba ya Papa Kambale, ju yeye mwenyewe haya hana.

Akataja jina. Nikaiandika.

Mbao zetu hazifichi kitu. Mulango ukafunguka nyuma ya Mama Sifa, Papa Kambale akasimama pale. Yeye Mama hakumuona. Papa Kambale aliniangalia tu, na kidole chake kikapanguza hewa: futa. Ule bwana wa ng'ombe njo anamupatiaka fromaje ya kujaza lori, na kwa neno yake bariere zote, ile miti ya kufunga njia, zinapanda juu. Papa Kambale anamuogopaka Mungu siku ya Mungu. Siku zingine anaogopa bariere.

Nikafuta. Sitajipamba hapa, nilifuta. Ta, ta, ta, ta, ta.

Na Mama Sifa akaitikia kwa kichwa polepole, akasema: "Ee, mutoto wangu. Iandike muzuri, yote."

Nilitaka udongo unimeze.

Papa Kambale akatabasamu. Akaniambia kwa kifaransa, kwa adabu kabisa, kama muntu anaomba chumvi kwenye meza, niweke "muntu asiyejulikana". Halafu akarudi dukani ju kuna muntu alikuwa anataka misumari. Lakini masikio yake aliyaacha kwangu.

Nikabaki ninaangalia ile klavye na herufi zake. Na ndani ya hasira nikawaza: kumbe yeye pia anasikia ta tu. Hajui iko ta ya nini. Alitaka kuwadanganya watu wa barabara, na amekaa pale pale barabarani pamoja nao.

Nikainama karibu na Mama Sifa, nikamuambia kwa kihunde, ambacho Papa Kambale hakisikiaki hata neno moja. Nilimueleza ile sauti alisikia ilikuwa ya kufuta. Nilimuambia nani aliniamuru, na mbona. Nilimuambia pia ukweli mwingine: jina ikiingia kwenye karatasi, ule bwana atajua nani aliisema. Nikamuuliza kama bado anaitaka.

Papa Kambale akagonga mbao.

Halafu Mama Sifa akanijibu: "Ng'ombe zake zinalala juu ya kaburi ya baba yangu. Andika."

Nikaandika. Niligonga ile klavye kama ninatwanga majani ya sombe. Jina ya mwenye ng'ombe, jina ya Mama Sifa na ya baba yake, mulima, mutoni wenye unapita chini ya shamba, na jina ya mwenye ng'ombe tena. Upande wa pili nikasikia Papa Kambale anakohoa kwa raha, anamupimia muteja wake misumari. Alikuwa anasikiliza "muntu asiyejulikana". Masikini, mwenye akili yetu!

Karatasi ilipotoka nilishika kidole cha Mama Sifa, nikakiweka juu ya ile jina, kila mahali iko. Hapa, Mama. Na hapa tena. Akapapasa kila moja kama anapima kitambaa. Akatia dole ya wino chini, akakunja karatasi ndani ya sashe ya plastiki, akaificha kifuani. Hakuniaga na maneno mingi. Moto ikashuka naye kwenye mvua, awahi tribinali kabla haijafunga.

Sasa ninaogopa. Niiseme hivyo, ju hapa njo mahali pangu pa kusema. Ule bwana ataitwa, atauliza karatasi iliandikwa wapi, na sekretaria zenye umeme hapa Masisi si nyingi. Siku moja lori ya Papa Kambale itasimamishwa kwenye bariere, na yeye atarudi kunitafuta na ile kidole yake. Ninaogopa zaidi kwa Mama Sifa, mwenye kulala Bihambwe na mulango wa mabanzi ya mbao. Nilimusaidia ao nilimuuza? Alichagua yeye, ninajua. Lakini mimi njo nilibonyeza.

Haya nitayapandisha kwenye blogu siku nitakuwa mbali na hapa. Dada yangu ananiita Goma toka zamani.

Kwa sasa mvua haijakatika, muteja hakuna, na nikinyamaza atagonga. Basi njo ninaandika. Rozari yake, misumari yake, bariere zake, ujinga wake wote, herufi kwa herufi, bafle imefunguliwa mpaka mwisho, na yeye yuko pale, nyuma ya mbao, anasikia kila moja.

Sasa hivi amenisemesha: "Furaha, leo unatumika muzuri."

Nimemujibu aksanti, Papa. Nimeiandika hiyo pia.