Chakula cha Aoko

Ploti ya Mzee Ng'ang'a,
Kawangware, Nairobi.
14 Juni 1981

Mpendwa Dada Sella,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Je, hujambo? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Na Shemeji Wabwire, bado anafundisha kwa ile sauti ya kuamsha kijiji kizima? Mimi ni mzima wa mwili. Juni ya Nairobi ni tope mlangoni, na jua tunalisikia redioni tu.

Uliniuliza kama nimepata marafiki. Dada, sina. Mzee Ng'ang'a alijisifu dukani kwamba mpangaji wake yuko Chuo Kikuu anasomea maiti. Nilieleza kwamba nasoma kemia ya juu na uchunguzi wa kisayansi wa kesi za polisi, na kwamba maiti sijaigusa, mimi huletewa vichupa tu. Nani alisikia? Tangu siku hiyo hakuna anayenipa mkono. Mkewe, Wangoi, nikimrudishia ndoo yake huniambia, "Wekelea tu hapo chini. Hiyo mkono sijui imeshika nini leo." Husema akicheka, nami hucheka. Nikiingia ndani sicheki.

Jumapili hutembea hadi Gatwekera kwa binamu yetu Murunga tusali pamoja. Hata kule nimeanza kutengewa sahani. Murunga anasema ni heshima ya msomi. Heshima gani ya kula peke yako kwenye kona kama mgonjwa wa surua?

Mtu mmoja tu katika ploti hii hakuwa hivyo: Aoko, jirani yangu wa mlango wa pili. Alinipa mkono kila siku, na akipika omena alinigongea ukuta niende. Mumewe, Oyoo, fundi wa viatu, alikuwa mcheshi sana, ila chang'aa ilimpenda. Siku moja mwezi wa Machi alirudi amelewa, akala, kisha akalalamika kwamba macho hayaoni. Kulipokucha alikuwa amefariki. Ndugu zake wakasema Aoko amemtilia sumu kwenye chakula, na ploti nzima ikaitikia kwamba lisemwalo lipo. Aoko mwenyewe ndiye aliyewapa polisi chupa ya mumewe, yenye kizibo cha gunzi la mahindi. Tangu hapo hakuna aliyepokea hata maji kutoka kwake.

Wiki chache baadaye mwalimu wetu alituita maabara tumsaidie kupima. Chupa zilikuwa na namba badala ya majina, lakini gunzi lile nililijua. Tuna mashine inayochora vilima kwenye karatasi, na kila kitu kina kilima chake. Sumu ya panya hakuna, ya kunguni hakuna. Kilichosimama pale ni spiriti ya viwandani, ile inayopofusha na kuua, na damu ya Oyoo, yenye namba ileile, ikasema vivyo hivyo. Mtu alikuwa ameichanganya kwenye chang'aa. Chakula cha Aoko hakikuwa na lolote.

Nilitaka kukimbia nyumbani nikipiga kelele. Lakini tulikula kiapo: la maabara halitoki nje kabla ya mahakama, na anayelitoa huharibu kesi yenyewe. Ukuta wetu ni mabati, Dada. Nilimsikia akilia, na neno la kumnyamazisha ninalo, na siwezi kulisema. Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile.

Nikafanya jambo moja. Jumamosi mchana, watu wamejaa mferejini wakifua, nilitoa kigoda changu nikakaa mlangoni pake. Nikamwambia, "Shemeji, leo kumepikwa nini? Niko na njaa." Aliingia ndani. Kisha akaleta maji, akaishika mikono hii isiyotakiwa na mtu, akaninawisha. Nikala ugali wote mpaka nikaifuta sahani. Pale mferejini wakaacha kufua. "Huyu kijana amechoka kuishi," akasema Wangoi. Aoko akaichukua sahani. Sijui kama alielewa.

Keshoye mashemeji zake wakaja na lori kuchukua maiti iliyoachiliwa na polisi, wakaondoka na Aoko na mabinti zake wawili hadi Alego. Juzi nimesikia kwamba baada ya mazishi walimfukuza, wakabaki na watoto. Sasa yuko kwa mamake, Yala, na huko pia majirani hawali kwake.

Juma lililopita mahakama ilisoma ripoti na kufunga jalada: Aoko hana hatia. Hakukuwa na jamaa yake hata mmoja wa kusikia. Kiapo changu kimekwisha, lakini mitihani inanifunga hadi mwisho wa Julai, na karatasi za serikali zitafika zikipenda. Yala si mbali na hapo kwenu Luanda. Nakuomba uende siku ya soko, watu wakiwa wengi. Mchukue Shemeji Wabwire aitangaze hukumu kwa ile sauti yake, kisha aandamane na wazee wa Aoko hadi Alego. Wasipokwenda, wale watoto watakua wakiambiwa mama yao ni muuaji.

Nisalimie Mama, Lenah na mdogo wetu Nalianya. Mungu awafunike nyote, na mvua isinyeshe siku utakayosafiri.

Na Dada, maneno peke yake hayatatosha. Aoko atakapokukaribisha chakula, usiseme umeshiba. Kaa nje watu wakuone, unawe, ule.

Ndugu yako akupendaye,
Lusweti