Sakafu Nyeusi Niliyompakia Mama

Mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla sijaanza kufoka. Hujambo? Mumeo hajambo? Na watoto je, yule wa pili kikohozi kimeshamwacha? Sisi huku ni wazima, ukiacha goti la mume wangu lililovimba, na kiuno changu ambacho siku hizi kinanifanya niinuke kitini kwa awamu. Mama naye hajambo. Mama ndiye sababu ya barua hii, na usishangae kwa nini sikupiga simu. Nikipiga simu nitapayuka, na Mama masikio yake unayajua, atasikia kila neno akiwa chumbani kwake. Kwa hiyo soma polepole, na tafadhali usimsomee mumeo kwa sauti. Yeye nina kesi naye ya peke yake, utaiona huko mbele.

Ulipomrudisha Mama baada ya zile wiki alizokaa kwako, nilimpokea mlangoni nikitegemea kusikia kwamba alinikumbuka. Wapi! Nilichopewa ni habari za sakafu. Hata kitambaa cha kichwani hajavua, ameshaanza: gereji yako imepakwa rangi ya epoksi, inang'aa, ukidondosha tone la maji unaliona, na yeye anaivuka peke yake, miguu mitupu, mpaka mlango wa nyuma anakokaa kupunga upepo. Asubuhi sakafu, mchana sakafu. Jirani akija kumjulia hali anasimuliwa sakafu ya binti mdogo. Kitinda, mimi nimekaa na Mama tangu Baba alipotutoka. Mimi ndiye ninayejua chai yake inywewe ikiwa ya moto kiasi gani. Sijawahi kumsikia akimsimulia jirani chochote cha nyumba hii, hata mapazia mapya. Wivu ulinikaba, sikufichi. Nilikuwa nakata vitunguu huku nakutukana kimoyomoyo.

Gereji yetu unaijua ilivyokuwa. Zege tupu, nyufa mbili zinazokimbizana toka ukutani, na madoa ya oili ya lile gari letu la zamani. Mama huipita kila alasiri kwenda kwenye kiti chake uani. Nilikuwa nimeona kwamba siku hizi anapita akiushika ukuta, nikasema moyoni ni uzee. Basi nikamtangazia mume wangu kwamba tunapaka epoksi. Akaniuliza sakafu imemkosea nani. Nikamjibu kwamba sakafu haijamkosea mtu, ila kuna mtu kwenye ukoo huu anajiona ana gereji kuliko wenzake. Akacheka, akaenda kutafuta kofia yake ya kazi, maana ananijua.

Dukani muuza rangi alinipokea vizuri, akanionyesha za kijivu na za maziwa, akasema hizo ndizo wengi wanazopenda nyumbani kwa sababu zinaleta mwanga. Nikamuuliza ipi inaizidi ya maziwa yenye mstari wa kahawia pembeni, kama yako. Akasema hiyo nayo ni nzuri. Nikamwambia mimi sikuja kutafuta nzuri, nimekuja kutafuta inayozidi. Yule bwana akanitazama, kisha akanitolea nyeusi. Nyeusi tititi, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikaona hapo Kitinda ameisha.

Kazi yenyewe, mdogo wangu, nikuvulie kofia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tulitoa kila kitu nje, tukasugua oili kwa sabuni na brashi mpaka maji yakatoka safi. Tukakodi mashine ya kusaga zege ili rangi ipate pa kushika, tukala vumbi. Tukaziba nyufa. Tukabandika karatasi ya nailoni chini na kuiacha mpaka kesho yake, tuone kama sakafu inatoa jasho, haikutoa. Hapo ndipo nilipoharibu. Muuza rangi alikuwa ametuonya kwamba ukishachanganya kopo la rangi na kopo la dawa ya kuigandisha, huna muda, kwa hiyo tuchanganye kidogo kidogo. Mimi nikaona anatuchelewesha. Nikamimina yote ndooni kwa mpigo, nikakoroga, kisha nikaanza kubishana na mume wangu nani apake kona na nani ashike rola. Tulipomaliza kubishana ndoo ilikuwa ya moto, inafuka moshi, na mti wa kukorogea umesimama wima katikati, hautoki. Mume wangu akaubeba ule mzigo akauweka uani, akasema walau tumepata sanamu. Nilirudi dukani nimeinamisha kichwa.

Mama muda wote huo nilimfungia sebuleni, kwa sababu ya harufu. Kila mara alikuwa anauliza kupitia mlangoni kama kuna cha kusaidia, hata kushika taa. Nikamwambia akae, apumzike, asijichoshe. Alipozidi kuuliza nikamwambia kwa ukali kidogo. Unajua jina alilonipa: Matroni.

Mara ya pili tulichanganya kwa adabu. Tulianzia ukuta wa nyuma tukarudi kinyumenyume hadi mlangoni, mume wangu na brashi pembeni, mimi na rola, na ikatoka kitu, Kitinda, kitu! Taa ya dari ungeiona imelala chini. Nilipiga picha nyingi za kukutumia. Nia yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa ukose usingizi.

Tukasubiri ikauke hadi ikawa ngumu kabisa, ndipo nikamwendea Mama, nikamshika bega, nikamleta mpaka kizingitini, nikawasha taa zote. Akasimama. Mguu wake ukainuka, ukarudi ulipotoka. Akashika mlango kwa mikono miwili, akaniuliza kwa kunong'ona maji mengi hivi yametoka wapi. Nikamwambia si maji, Mama, ni sakafu, ni epoksi, kama ya Kitinda ila hii imezidi. Akasema aa, nzuri, hongereni. Kisha akageuka, akatokea mlango wa mbele, akaizunguka nyumba nzima kwenda kwenye kiti chake. Kesho yake akazunguka. Mvua ilipokuja akajifunika khanga kichwani, akazunguka na mvua yake. Mimi dirishani namtazama. Nikajiambia kumbe ya Kitinda inakanyagwa miguu mitupu, yangu mimi inakimbiwa hata kwenye mvua. Sikumsemesha vizuri siku zile. Nilikuwa namwekea chakula naondoka.

Halafu tukiwa mezani, bila mtu kumuuliza, akasema amefikiria, na anaona mwisho wa mwezi ahamie kwako moja kwa moja. Alisema kule kunamfaa. Mume wangu akaacha kutafuna. Mimi nikasema sawa, nikaenda jikoni kufungulia bomba la maji ili wasinisikie.

Asubuhi nikakupigia. Nilikuwa nimejiandaa kukuvua nguo kwa maneno, nikuulize umemlisha nini mama yangu. Ulikuwa kazini umeiacha simu nyumbani, akapokea mumeo. Nikamuuliza kwa sauti tamu mlichoweka kwenye ile sakafu ni nini hasa. Na shemeji, maskini, mtu asiyejua kunusa ugomvi, akanieleza yote taratibu kama anayenisomea maelezo ya dawa. Kwamba ulimpeleka Mama kwa daktari wa macho. Kwamba ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, matone aliyopewa yanalinda kilichobaki. Kwamba daktari alisema sakafu nyeusi Mama anaiona kama shimo, ndiyo maana mkapaka rangi ya maziwa, na mstari wa kahawia pembeni ili ajue ukuta unaanzia wapi. Mwisho akaniambia, si unajua shemeji. Nikasema najua. Nikakata simu.

Sikujua. Matone nilikuwa nayaona kwenye mkoba wake, akaniambia ni ya vumbi. Kikapu chake cha nyuzi kimefungwa tangu zamani, sikuuliza kwa nini hafumi tena. Mimi ninayekagua kucha za kila anayeingia nyumba hii! Nyani haoni kundule. Na nisikudanganye kwamba nilianza kwa kumhurumia Mama. Nilianza kwa kukuonea wivu, na safari hii si wa rangi. Alikuambia wewe. Amelala chumba kinachopakana na changu miaka yote hii, akasafiri mpaka kwako kwenda kusema kwamba haoni. Sakafu ningeweza kukusamehe. Hilo lilinichoma, na linanichoma hata sasa ninapoandika.

Tulirudi dukani. Muuza rangi aliponiona naomba ya maziwa alikohoa tu. Tuliipiga msasa ile nyeusi yote mpaka ikafa mng'ao, hapo ndipo goti la mume wangu lilipovimba, tukapaka ya maziwa juu yake, na mstari wa kahawia pembeni. Mstari wetu ni mpana kuliko wenu. Nao nimeupima. Mama hakuambiwa kitu. Siku ilipokuwa tayari nikauacha mlango wazi nikajifanya napanga vyombo. Akafika kizingitini, akasita, akatanguliza vidole vya mguu. Kisha akaivuka, peke yake, moja kwa moja mpaka kwenye kiti.

Nikamfuata. Nikamwambia najua habari ya macho. Akauliza kama ni wewe uliyesema. Nikamwambia ni mkwe wake. Akacheka, akasema yule hawezi kutunza hata uji mdomoni. Nikamuuliza kwa nini alikuambia wewe asiniambie mimi. Nilitaka aseme hakutaka kunitia wasiwasi. Hakusema hivyo. Alisema mimi ningemnyang'anya jiko, kisu na ngazi siku hiyohiyo, na kuanzia hapo angetembea ameshikwa mkono kama mwali. Alisema kwa Matroni anatunzwa vizuri mno. Kwako akijigonga kwenye meza unamwambia pole, unaendelea na shughuli zako, naye anajifunza meza ilipo.

Nikamwambia nitabadilika. Nikamwambia sakafu sasa ni ileile, jiko ni lake, kisu ni chake, abaki. Akanipapasa usoni, akasema sakafu nimeipata, tena vizuri, lakini anataka kwenda kwa Kitinda. Nililia mbele yake, nikasema anapendelea, nikasema maneno ambayo binti wa umri wangu hapaswi kumwambia mama yake. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae kuandika. Alipokuwa ananipapasa uso nilijiuliza kwa nini namng'ang'ania hivi, na jibu lililokuja halikuwa zuri. Nilimtaka abaki kwa sababu nampenda, ndiyo. Lakini zaidi nilimtaka abaki ili wewe usimpate. Ile rangi nyeusi sikumpakia yeye. Nilikupakia wewe, na yeye ndiye aliyezunguka nyumba kwenye mvua. Mama si wa kuvutana kama khanga ya urithi. Kwa hiyo nitamleta mwenyewe, Jumapili hii, pamoja na kiti chake. Usinipikie. Usinishukuru pia, maana bado nina wivu, na sitegemei utaisha kwa sababu nimekuandikia barua.

Lakini kuna jambo lazima ulijue kabla hajafika. Upande wa kushoto haoni kabisa. Tangu siku ile nimekuwa namtazama, si kwa kumkagua, namtazama tu. Kikombe ukikiweka kushoto, chai itapoa hapo, atasema hajisikii kunywa. Sahani atakula nusu ya kulia, nusu ya kushoto itabaki, na wewe utadhani ameshiba. Hajashiba. Igeuze sahani polepole huku unamwongelesha mengine, utaona anaanza kula tena. Ukimsalimia, tokea kulia. Na mwambie daktari. Mumeo alinieleza kila kitu hata jina la matone, lakini hili hakulitaja, kwa hiyo najua hamlijui. Hukuambiwa wewe, sikuambiwa mimi. Hili nimeliona mwenyewe.

Wabusu watoto, na msamehe mumeo kama mimi nilivyoanza kumsamehe. Mume wangu anakusalimu, goti limempa ruhusa ya kukaa. Mama hajui kama nimekuandikia; anaisubiri Jumapili kwa hamu ambayo sitakueleza ni kubwa kiasi gani.

Ni mimi,
dada yako wa tumbo moja,
Matroni